Dunguni si mahali pa mzee wa presha

Msimu wa mavuno huku Lindi, tembo au nguruwe pori wakiingia shambani, mtendaji wa kijiji anapelekewa hesabu ya ekari. Simba akishika mtu, hesabu ni ya marehemu. Anayelinda dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, ana umri gani, analala vipi, afya yake ikoje? Hilo sijasikia likiulizwa, na walinzi wengi ninaowaona mimi ni wazee. Vijana wako Dar, waliobaki wako kwenye bodaboda.

Utafiti wa simba wenyewe upo. Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, na kusini kwetu ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Maelezo yao mkulima wa huku hayamshangazi: wanyama wengine wa kuwindwa wamepungua, nguruwe pori wamejaa. Nguruwe anafuata mahindi, simba anamfuata nguruwe, na mtu amelala hapo hapo shambani. Mwaka 2011 walirudi na jambo jingine, safari hii kutokana na mashambulizi karibu 500 ya kati ya 1988 na 2009. Hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, mapema usiku, maana mwezi unachelewa kutoka na giza linautangulia.

Sasa mweke mzee humo. Baba yangu mkubwa anatumia dawa za presha, na kimojawapo ni kile kidonge kinachokojoza. Amezoea kukimeza baada ya chakula cha jioni. Dungu lake lina ngazi ya miti iliyofungwa kamba, na tochi yake inawaka ikipigwa kofi. Akimeza, usiku kucha ni kushuka na kupanda. Kwa hiyo wakati wa kulinda, vidonge vinabaki nyumbani. Mama mkubwa akilalamika, anajibiwa: "Niogope presha au simba?" Mimi ninayelala kitandani mjini sina la kumwambia. Akienda zahanati kipimo kiko juu, anagombezwa kwa kuacha dawa, ananyamaza. (Mbu wa dunguni hata sijawagusa.)

Kifuta jasho cha serikali huja baada ya mazao kuliwa, kikija. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inazungumzia matibabu yao, lakini mambo ya porini yana ofisi yake na ya zahanati yana yake. Mimi ningeanza na muuguzi kuuliza, "Msimu huu unalala wapi, mzee?" Jibu likiwa shambani, amweleze kama kidonge hicho kinaweza kumezwa asubuhi. Serikali ya kijiji nayo ipange zamu za vijana kwa zile siku kumi hivi baada ya mwezi mpevu, wenye mashamba wachange mahindi ya kuwalipa. Bodaboda wenyewe wana taa kali kuliko tochi ya baba mkubwa.