Siku ya pili ya maonyesho

Ukitaka kupima London na Kampala kwa maonyesho ya sanaa, usiende siku ya ufunguzi. Siku hiyo Kampala inashinda bila jasho. Mgeni rasmi yupo, mara nyingi balozi fulani, mvinyo upo, muchomo unanukia uani, msanii kavaa akapendeza, na watu wanapigana picha mpaka usiku. Nenda siku ya pili, tuseme Jumanne saa tano asubuhi. London utakuta foleni. Kampala utamkuta mlinzi getini anakuuliza umekuja kumwona nani, anapiga simu kumtafuta mwenye ufunguo, halafu taa zinawashwa kwa ajili yako peke yako.

Sisi wa Uganda tulio Uingereza tukikutana, hasa baada ya bia mbili, lazima atokee wa kusema Uganda haina makumbusho ya maana. Msemaji mwenyewe mara ya mwisho kuingia Uganda Museum alikuwa na sare ya shule. Makumbusho hayo yalianza 1908 kwenye ngome ya Lugard, ofisa wa ukoloni wa Kiingereza, pale Old Kampala, na jengo la Kitante linaloonekana leo barabara ya Kira lilifunguliwa 1954, kazi ya msanifu Mjerumani Ernst May. Nommo, jumba la sanaa la taifa pale Nakasero, lipo tangu 1964. Madarasa ya Margaret Trowell yaliyozaa shule ya sanaa ya Makerere yalianza 1937. Kwa mambo ya siku hizi, jumba la sanaa la Afriart lilifunguliwa 2002 na kituo cha wasanii cha 32° East kikafuata 2011. Uganda ilipopeleka banda lake la kwanza kwenye maonyesho ya sanaa ya dunia ya Venice, Italia, mwaka 2022, na kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, majaji walilitaja kwa heshima. Kwa hiyo jengo lipo na msanii yupo. Tunachokosa ni hiyo Jumanne.

Tuanze na London, maana huko watu wetu wanapoteza pesa ovyo. Kuingia makumbusho ya taifa ni bure: British Museum, National Gallery, Tate, V&A. Kinacholipiwa ni maonyesho ya muda, yale yanayokaa miezi mitatu au minne kisha yanavunjwa. Mtu mzima hulipa kama pauni 15 hadi 25. Pauni 20 ni karibu laki moja ya Uganda, na laki moja hailipwi kwa kuwa tu umepita mbele ya mlango. Mwenye umri wa miaka 16 hadi 25 ajiunge na Tate Collective. Kujiunga ni bure, na tiketi ya maonyesho ya Tate inashuka mpaka pauni 5. Watoto wetu wengi wako kwenye umri huo na hawana habari. Ukiwa mpenzi wa sanaa kweli, kadi ya National Art Pass hukupa nusu bei kwenye maonyesho mengi makubwa, lakini piga hesabu kwanza, maana ada yake ni ya mwaka mzima na kwa mtu wa maonyesho mawili hairudi. Halafu kuna vya bure kabisa. Ule ukumbi mkubwa wa mitambo wa Tate Modern haulipiwi. Mwaka 2023 na 2024 El Anatsui wa Ghana alitundika humo mapazia makubwa ya vifuniko vya chupa, na hakuna aliyetozwa hata peni. October Gallery ya Bloomsbury imekuwa ikionyesha kazi za Waafrika miaka mingi, nayo ni bure. Majumba ya Serpentine na Whitechapel hufunga Jumatatu. Usipande treni siku hiyo.

Tiketi huandikwa saa. Iliyoandikwa 10:30 ni saa nne na nusu ya kuingia. Kutoka ni hiari yako mpaka wafunge, ila ukishatoka kwa kawaida hurudi ndani. Choo na chai vimalizwe kabla. Begi kubwa ama linaachwa chumba cha mizigo ama linakataliwa mlangoni, kwa hiyo usifikie hapo moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege na sanduku lako. Ukitaka kuchora au kuandika, beba penseli. Kalamu ya wino hawaitaki karibu na kazi. Na ukiambiwa usipige picha, usibishane na mlinzi: kazi nyingi ni za kuazima, na mwenye mali ndiye aliyekataza.

Msongamano wa London una tabia moja: unakaa chumba cha kwanza. Kila anayeingia anasimama kusoma bango la utangulizi, anasoma na kibandiko cha picha ya kwanza, na ya pili, mpaka anachoka, halafu vyumba vya mwisho anavipita kama anayewahi taksi ya mwisho pale Old Taxi Park. Wewe fanya kinyume. Mlangoni chukua kijitabu cha herufi kubwa. Kimetengenezwa kwa wenye macho dhaifu, lakini kikiwa tele hakuna wa kukuuliza, na ndani yake yamo maelezo yote ya ukutani. Nenda moja kwa moja chumba cha tatu au cha nne, tazama kwa raha, kisha rudi mwanzo wimbi likishapita. Saa nzuri ni ile ya kwanza asubuhi katikati ya wiki, au Ijumaa jioni pale National Gallery na V&A zinapochelewa kufunga. Wiki mbili za mwisho ni balaa: wote waliosema "tutaenda tu" wanakuja pamoja.

Utashangaa pia giza. Kwa karatasi, nguo na picha za kamera kiwango kilichozoeleka ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na rangi ya mafuta huruhusiwa kama 200, kwa sababu mwanga hula rangi na kilicholiwa hakirudi. Ndiyo maana kazi za karatasi hazikai ukutani mwaka mzima: zikishapata miezi yake michache zinarudishwa gizani kupumzika. Ukiingia kutoka juani, yape macho dakika kadhaa kabla ya kusema huoni kitu.

Hapo ndipo mimi natofautiana na wanaoabudu London. Chukua lubugo, kitambaa chetu cha gome la mutuba, ambacho utengenezaji wake unatambuliwa na UNESCO tangu 2005. Kikiwekwa nyuma ya kioo kwenye luksi 50 unaona kahawia, basi. Kione Kampala penye dirisha, ukiwa umbali wa mkono: mifereji midogo iliyoachwa na nyundo ya mbao, nyuzi zinazopita njia moja na nyingine zikikatiza, kiraka kilichoshonwa pale gome lilipotoboka, na rangi inayogeuka kutoka udongo mwekundu kwenda chungwa kila unaposogea. Msanii kama Fred Mutebi amefanya kazi nyingi kwa kitambaa hicho. Kwa kuhifadhi London wako sahihi. Kwa kuona, Kampala inawazidi.

Jambo jingine Kampala inalowazidi ni kwamba mwenye kazi anapatikana. Kwenye maonyesho ya makumbusho ya London msanii ama ni marehemu ama yuko mbali. Kwetu unaweza kumkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, ukamuuliza kwa nini hapa katumia shanga za karatasi na si mbao, na akakujibu, pengine kwa nusu saa.

Ila kufika hapo kunahitaji ujanja. Usiamini bango la ufunguzi. Linataja siku moja tu na jina la mgeni rasmi. Piga simu au andika WhatsApp, na uulize mambo matatu: yanafungwa tarehe ngapi, mnafungua saa ngapi, na mwenye ufunguo yupo? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Jumapili usijaribu bila kuuliza. Bodaboda usimpe jina la jumba, mpe barabara na alama anayoijua, la sivyo mtazunguka Kamwokya mpaka mafuta yaishe. Ukiwa na asubuhi moja tu, anza Uganda Museum kisha shuka kwa barabara ya Kira mpaka Kamwokya, kwenye majumba ya sanaa ya Umoja na Xenson. Unaweza kutembea kwa miguu. Siku nyingine unganisha Afriart, iliyo eneo la viwanda, na 32° East ya Kabalagala. Uganda Museum beba kitambulisho cha taifa, maana ada ya raia na ya mgeni si moja, na kwa waliochukua pasipoti ya Uingereza lafudhi ya Luganda haihesabiki kama kitambulisho.

Tatizo linaloudhi kuliko yote ni msumari. Nyumbani maonyesho mengi ni duka pia, na sioni ubaya, msanii lazima ale. Lakini kwenye majumba madogo mnunuzi huondoka na picha usiku uleule wa ufunguzi. Siku ya pili unakuta ukuta una msumari, chini yake kibandiko chenye jina, vipimo na bei ya kitu ambacho hakipo. Majumba yenye utaratibu hubandika kidoti chekundu, wanachukua malipo ya awali, na mnunuzi anafuata mali yake maonyesho yakiisha. Wafanye wote hivyo.

Na mnunuzi akiwa mmoja wetu anayerudi Ulaya, asibebe turubai likiwa kwenye fremu yake. Bodaboda akishika picha ya mita moja na nusu inageuka tanga; upepo mmoja tu, kona inachanika. Itolewe kwenye fremu, izungushwe kwenye bomba la plastiki la inchi 4 au pana zaidi, upande wenye rangi ukiwa nje, kwa sababu ukiwa ndani rangi inabanwa na kujikunja. Katikati weka karatasi safi. Gazeti hapana, wino wake unahamia kwenye picha. Rangi ya mafuta iliyopakwa mwezi uliopita isikunjwe kabisa: juu imeshika, ndani bado mbichi. Omba na risiti yenye jina la msanii, mwaka, vipimo na bei, kwa ajili ya ofisa wa forodha.

Wapo wanaotaka Kampala iige London yote, na masanduku yake ya kusafirishia kazi, yanayoachwa saa 24 yazoee hewa ya chumba kabla ya kufunguliwa. Hawajui nani analipa. Uingereza serikali yenyewe hubeba dhamana ya kazi zilizoazimwa, kwa mpango uliowekwa kwenye sheria ya 1980, na bila huo bima pekee ingefuta maonyesho mengi. Hatuna hazina ya hivyo, wala hatuihitaji ili kuanza. Mwaka 2019 Uganda Museum ilionyesha picha za enzi za Idi Amin zilizopigwa na wapiga picha wa serikali na kuhifadhiwa UBC, shirika la utangazaji la taifa. Nyingi zilikuwa hazijawahi kutoka kwenye filamu. London isingeweza kuonyesha zile picha kwa uzito uleule, maana waliomo, au watoto wao, wanaishi mwendo wa bodaboda kutoka mlangoni. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge nacho kilileta vitu 39 vya Uganda, kwa mkopo wa miaka mitatu kwanza, baadhi vikiwa vimeondoka zaidi ya karne moja iliyopita. Masalia ya Kibuuka, lubaale (mungu) wa vita wa Baganda, yalirudishwa kabisa, si kwa mkopo, 1962. Tofauti kati ya kurudishiwa na kuazimwa mali yako mwenyewe ni mjadala mrefu, na mimi niko upande wa 1962. Lakini hata ukibishana, vitu viko Kitante. Kavitazame.

Ninachotaka tuibe London ni cha bei rahisi: karatasi moja ya A3, imechapishwa duka lolote la Nasser Road, ibandikwe getini siku ya ufunguzi na iachwe hapo. Juu jina la maonyesho. Chini yake tarehe ya kufunga, kwa herufi kubwa kuliko jina la mgeni rasmi. Kisha saa za kufungua, na namba ya simu ya mwenye ufunguo. Nakala yake apewe mlinzi.