Anza na mlingoti, bawa baadaye

Kila anayeniuliza namna ya kujitengenezea haidrofoili, ule ubao unaonyanyuliwa juu ya maji na bawa lililozama chini yake, huanza na bawa: liwe na upana gani, umbo gani, liinamishwe digrii ngapi. Namwelewa. Bawa ndilo linalopendeza macho, na ndilo linalokunyanyua. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, kwa hiyo bawa la sentimita za mraba 1,500 tu linatosha kumbeba mtu mzima na ubao wake. Hata hivyo, mimi nasema nguvu zako nyingi zipeleke kwenye mlingoti, yaani mguu unaoshuka kutoka kwenye ubao hadi kwenye bawa.

Mlingoti wangu wa kwanza ulikuwa wa plaiwudi, nikauvika fiberglasi, kitambaa cha nyuzi za kioo, ambayo nyuzi zake zilikwenda wima na mlalo. Ulinyooka, uking'aa, na kila nikipita karibu nao lazima niupapase. Majini ubao uliinuka vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye kukata kona: nikiegemea kushoto ubao unaitikia, bawa linachelewa, kisha linakuja kwa kishindo. Nikalishuku bawa. Nikalipiga msasa upya, nikabadilisha pembe ya bawa la nyuma, wiki tatu zikaenda bure.

Ndipo nikaubana mlingoti kwenye jiriwa ukiwa umelala, nikafunga fimbo ya chuma kukingama kwenye ncha yake, na nusu mita kutoka hapo nikaning'iniza ndoo ya maji, lita 5. Fimbo ikainama sentimita 7. Mlingoti ulikuwa ukijisokota kama nguo inayokamuliwa.

Chukua kipande cha kitambaa ukivute kufuata nyuzi zake: hakitoi kitu. Kivute kwa hanamu, kinanyumbuka papo hapo. Msokoto nao huvuta kwa hanamu, digrii 45, na nyuzi zangu zote zilikuwa zimelala ambako hazina kazi. Mlingoti wa pili niliuvika kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichokatwa kwa digrii 45, tabaka moja kuelekea kushoto na jingine kulia, kisha nikaongeza nyuzi za wima ili usipinde. Kwa ndoo ileile, fimbo haikufika hata sentimita 2. Bawa lilikuwa lilelile, sikuligusa, na kona zikawa zinakatika pale ninapotaka.

Wapo wanaokimbilia kuongeza unene. Unene unasaidia sana, sikatai: ukitoka milimita 12 hadi 15, ugumu wa kupinda unakaribia kuwa maradufu. Lakini mlingoti mnene unapasua maji kwa shida, na utaulipia kila safari. Panga nyuzi kwanza.

Mwaka 1919 boti ya haidrofoili ya Alexander Graham Bell na Casey Baldwin, HD-4, ilikimbia kilomita 114 kwa saa huko Nova Scotia, Kanada. Mabawa yake yalipangwa kama vipago vya ngazi, yameshikwa huku na huku. Sisi tunatundika kila kitu kwenye mguu mmoja mwembamba, kisha tunashangaa ukijinyonga!

Bawa, kwa upande wake, linasamehe. Ukilichonga kwa plaiwudi, mistari ya gundi kati ya matabaka itakuongoza: kadiri randa inavyokula, mistari hiyo hujitokeza kama mikondo ya ramani, na ikifanana kushoto na kulia, umelenga. Ukingo wa nyuma ukiwa butu bawa litavuma likishika kasi. Msasa kidogo unatosha kulinyamazisha.

Sasa nimeanza mlingoti wa tatu, wenye kitako cha alumini. Kaboni ikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini huliwa, kwa hiyo nimeweka tabaka la fiberglasi katikati, na gundi yake ya epoksi bado haijakauka. Ndoo inasubiri.