Gesi ya dampo: halmashauri ikiwatoa watu mapema haijakurupuka

Halmashauri inayowaambia wakazi watoke kwenye nyumba ambazo hazijalipuka hulaumiwa mara mbili: kwamba imechelewa, na kwamba imekurupuka. Cranbourne, kusini-mashariki mwa Melbourne, lawama hizo zilikuja kwa pamoja Septemba 2008, methani, gesi inayoweza kulipuka, kutoka dampo la Stevensons Road ilipokutwa ndani ya nyumba za mtaa wa Brookland Greens na familia zikashauriwa kuondoka. Lawama ya kwanza ni ya haki. Ya pili inatokana na kutojua gesi hii inavyosafiri.

Tuanze na ya haki. Dampo lile lilikuwa shimo la zamani la mchanga. Lilipokea taka kuanzia 1996 hadi 2005 bila kuwekewa utando wa kuzuia gesi isipenye pembeni, na mamlaka ya mazingira ya jimbo iliridhia. Mwaka 2004 Halmashauri ya Casey, inayosimamia Cranbourne, ilijaribu kuzuia nyumba zisijengwe ndani ya mita 200 kutoka dampo, ikashindwa kwenye baraza la rufaa la jimbo. Kesi ya pamoja ya wakazi iliishia kwa malipo ya dola za Australia milioni 23.5: Casey 13.5, mamlaka ya mazingira 10. Mtu aliyeona thamani ya nyumba yake inaporomoka huku deni la benki liko palepale hakuwa na la kushukuru.

Wanaopinga kuhamisha watu nao wana hoja. Tangazo lenyewe hushusha bei za nyumba, wazee na watoto husumbuka, na kipimo kinaweza kusoma sifuri siku tatu mfululizo. Kwa nini watu wakimbie sifuri?

Kwa sababu sifuri ya leo saa nne asubuhi haisemi lolote kuhusu usiku wa manane. Gesi ya dampo, ambayo takriban nusu yake au zaidi ni methani na sehemu kubwa iliyobaki ni kaboni dioksaidi, hukaa ndani ya taka na udongo ikigandamizwa na hewa ya juu. Mgandamizo wa hewa ukishuka, gesi hutanuka na kutoka. Loscoe, katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, nyumba iliyokuwa kama mita 70 kutoka dampo ililipuka alfajiri ya tarehe 24 Machi 1986 na kujeruhi vibaya watu watatu. Dampo lilikuwa limeacha kupokea taka tangu 1982. Kabla ya mlipuko, mgandamizo wa hewa ulikuwa umeshuka hektopaskali 29 ndani ya saa 7.

Namba hiyo inafaa kupigiwa hesabu. Hektopaskali 29 ni karibu asilimia 3 ya mgandamizo wa kawaida. Taka na udongo vikiwa na mita za ujazo 100,000 za gesi, karibu 3,000 hutafuta pa kutokea kwa usiku mmoja. Juu pakiwa pamefunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, au pamelowa mvua, gesi hupita pembeni: kwenye tabaka la mchanga, kwenye mtaro wa bomba la maji taka uliojazwa kokoto, kisha huingia ndani kupitia ufa wa sakafu au tundu la nyaya lisilozibwa. Methani huweza kulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kabati lililofungwa chini ya sinki hufika hapo mapema kuliko sebule, na ndiko kipimo kinapotakiwa kuingizwa kwanza.

Kipimo chenyewe nacho huweza kudanganya. Vile vinavyounguza gesi kwenye waya wa moto vinahitaji oksijeni. Gesi ikizidi sana oksijeni hupungua, mshale huruka kisha hurudi chini, na fundi huandika kwamba pako salama. Kwenye mashimo ya uchunguzi na ndani ya kuta, tumia kipimo cha infraredi, kisichohitaji oksijeni, na usome kiwango cha oksijeni pamoja na cha methani.

Sheria ya Marekani inaweka mpaka wa asilimia 1.25 ya methani ndani ya majengo ya dampo na asilimia 5 kwenye mpaka wa eneo. Ukivukwa, hatua za kulinda watu na taarifa kwa jimbo ni papo hapo, kumbukumbu ndani ya siku 7, mpango wa marekebisho uanze kutekelezwa ndani ya siku 60. Kulinda watu kunatangulia uthibitisho, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwetu Afrika Mashariki hatari iliyopo sasa ni ya namna nyingine. Dandora, dampo la Nairobi lililotajwa kuwa limejaa tangu 2001, liko wazi, na gesi nyingi hupanda juu na moshi. Siku kaunti au jiji lolote litakapofunika dampo la namna hiyo kwa udongo bila kwanza kuchimba visima vya kuvuta gesi, majirani ndio watakaoipokea. Na visima vyenyewe vina masharti: ukivuta kwa nguvu mno unaingiza hewa ndani ya taka, na moto huanzia chini kwa chini. Bomba likipinda na kuweka bonde, maji yanayotokana na unyevu wa gesi hujaa hapo na kisima hufa.

Kuna jambo la saa pia. Karibu na ikweta mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa kawaida hektopaskali 3 au 4. Kilele cha mchana ni karibu saa nne asubuhi, ofisa wa mazingira anapowasili akiwa na kipimo mkononi. Unakuwa chini kabisa karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Fomu ya vipimo isiyojazwa saa na mgandamizo wa hewa irudishwe kwa aliyeileta, na apime tena saa kumi jioni.