Rangi ya Chatu na Kichwa Kinachotikisika

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ajulikanaye kisayansi kama Python regius, hujikunja kama mpira anapoogopa. Ulaya na Marekani amekuwa nyoka wa kufugwa nyumbani, mwenye rangi ambazo katika pori la Ghana, Togo au Benin huonekana kwa nadra sana, pengine zisionekane kabisa. Rangi nyingi kati ya hizo hurithiwa kwa kanuni zilezile tulizofundishwa shuleni kwa mfano wa njegere za Mendel. Ualbino, uliozalishwa kwa mara ya kwanza katika ufugaji mwaka 1992, ni sifa fiche: chatu wawili wa rangi ya kawaida, kila mmoja akibeba nakala moja ya jeni hiyo, hupata kwa wastani mtoto mmoja mwenye ualbino kati ya wanne, na miongoni mwa waliobaki hakuna jicho liwezalo kumtambua mbebaji.

Aina iitwayo Spider, yaani buibui, kwa sababu ya mistari yake myembamba myeusi, hurithiwa kwa namna nyingine. Sifa hii ni tawala. Nakala moja yatosha, na kwa wastani nusu ya watoto huipata hata kama mzazi wa pili ni wa kawaida. Tatizo ni kwamba rangi hiyo huambatana na kasoro ya uwezo wa kusawazisha mwili. Mtazame aliyeathirika sana anapolishwa: kichwa hutikisika, hugeuka tumbo juu, naye humrukia panya akamkosa, akajaribu tena. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta sikio lake la ndani, ambalo huongoza usawa wa mwili, limeumbika vibaya.

Wanaotetea kuendelea kumzalisha Spider husema kwamba wengi wa chatu hao hula, hukua na kuzaa, na kwamba wengine hutikisika kidogo tu wanaposumbuliwa. Hilo ni kweli, na si haki kuwaita wafugaji hao wakatili. Hata hivyo, kula peke yake si kipimo cha afya ya kiumbe asiyeweza kutoa sauti ya maumivu. Ninapoachana nao kabisa ni pale wanapodai kwamba kuchagua wazazi wenye mtikisiko mdogo kutaiondoa kasoro. Tangu alipoanza kuzalishwa mwaka 1999, hakuna aliyefaulu kuitenganisha na rangi, na mzazi mwenye mtikisiko mdogo huweza kupata mtoto asiyeweza hata kuinua kichwa sawasawa.

Ingekuwa sifa fiche, ningeelewa kusitasita kwao kuacha kumzalisha, kwa maana ingejificha katika vizazi bila mtu kujua. Hii haijifichi. Wafugaji wakiacha kumzalisha leo, jeni hiyo itakoma kwa chatu waliopo, bila haja ya kumsaka mbebaji yeyote, ingawa wenyewe, ambao huweza kuishi zaidi ya miaka 20, watahitaji kutunzwa hadi mwisho wao. Hasara ya kipato itakuwapo, hasa kwa wanaouza mchanganyiko wake na rangi nyingine, lakini rangi nyingi zisizo na kasoro hii zimebaki mikononi mwao.