Projekti ya anga ni ya mtoto au ya mama yake?

Wazazi wenzangu tuambiane ukweli. Mtoto wa darasa la nne anapewa projekti ya anga za juu, Jumapili usiku mama ndo yuko steshenari anaprinti sayari za rangi, baba anagugo, dada anabandika kwenye manila, dogo mwenyewe kashalala zamani. Kesho yake anasimama mbele ya wenzake, Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, kama anaita rejista vile, anapigiwa makofi anakaa. Sasa hapo nani kafanya utafiti?

Projekti zenyewe nazipenda, tena sana. Tatizo "mfumo wa jua" sio swali jamani. Swali ni kwa nini Zuhura ina joto kuliko Zebaki wakati Zebaki ndo iko karibu zaidi na jua. Mtoto akikwama hapo atasumbua nyumba nzima mpaka aelewe kwamba Zuhura imefunikwa na hewa nzito ya kaboni dayoksaidi, joto likiingia halitoki kirahisi, linafika kama nyuzi 460 huko. Au waambie wabishane kama Pluto ilistahili kutolewa kwenye sayari mwaka 2006, uone kama hawatakosana kama Simba na Yanga.

Halafu sisi wa Dar tuna bahari bana, na hatuitumii! Mpe dogo daftari, kila siku achore mwezi ulivyo, ukienda nae Feri awaulize wavuvi leo maji yamejaa saa ngapi, we usimwambie kitu. Baada ya siku thelathini hivi ataona mwenyewe kwamba maji kila siku yanachelewa kama dakika 50, na bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ndo aulize kwa nini, ndo mfungue hiyo intaneti msome kwamba jua na mwezi vikikaa mstari mmoja na dunia vinavuta maji kwa pamoja. Bando linakuwa na kazi ya maana siku hiyo.

Najua mtaniambia daftari litakuwa chafu na maksi zitashuka. Kweli zitashuka, kama walimu wataendelea kusahihisha urembo wa manila. Ticha, muulize mtoto maswali mawili tu: umejuaje, na kipi bado hujaelewa. Aliyefanyiwa na mama atajulikana hapo hapo.