Hedifoni ghali mezani: mkusanyiko unatuonyesha nini na unatupotosha wapi

Kwenye mikusanyiko ya wapenzi wa sauti kama CanJam, inayofanyika London, New York, Singapore na kwingineko, unaweza kukuta hedifoni ghali kama Focal Utopia, Sennheiser HD 800 S na HiFiMAN Susvara zimepangwa hatua chache kutoka kwa Stax na amplifaya yake maalumu. Ni maduka machache yanayotoa nafasi kama hiyo, na watu huondoka pale na hukumu nzito: hii imeishinda ile. Kwa maoni yangu, mkusanyiko ni mahali pazuri mno pa kujua hedifoni ipi haikufai. Kutangaza iliyo bora kuliko zote ni kazi nyingine, na mazingira ya pale hayaisaidii.

Faida yake ni kubwa. Sauti ya hedifoni hukamilishwa na sikio lenyewe: umbo la sikio la nje, ukubwa wa kichwa, hata mkono wa miwani unaoacha mwanya chini ya mto wa hedifoni. Mwanya huo ukitokea, besi hupungua, na hakuna grafu inayoweza kukwambia mapema kwamba kichwa chako kitauacha. Uzito nao ni hivyo hivyo. HD 800 S ina gramu 330, ilhali Audeze LCD-2 ni nzito zaidi kwa mbali; shingo hutoa hukumu yake bila kusoma jedwali lolote. Isitoshe, pale unasikia teknolojia tatu kwa mfululizo: koili inayosukuma kiwambo, utando mwembamba wenye nyaya kati ya sumaku, na utando wa Stax unaochajiwa kwa volti 580. Ukizisikiliza zote kwa wimbo unaoujua vizuri, unajifunza mengi kwa muda mfupi.

Tatizo kubwa ni ukali wa sauti, yaani jinsi inavyosikika kuwa juu au chini. Kati ya sauti mbili, sikio huelekea kuipenda iliyo juu kidogo, na tofauti ikiwa ndogo mtu haioni kuwa ni ya ukali. Husema hii ina uhai zaidi, ile imefifia. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba usikivu wetu wa masafa ya chini, yaani besi, hubadilika kadiri sauti inavyopanda, kwa hiyo ukiongeza sauti, besi nayo huonekana kunona. Sasa tazama Utopia, inayotoa desibeli 104 kwa miliwati moja, na Susvara inayotoa 83. Ukichomoa moja na kuchomeka nyingine bila kugusa kitufe, pengo ni takriban desibeli 20. Kila mtu hulifidia kwa kukisia, kisha kukisia kwake kunageuka kuwa maoni juu ya ubora. Hili linaniudhi kwa dhati, kwa sababu mafundi waliotumia miaka kutengeneza vifaa hivi wanastahili kupimwa kwa haki.

Kelele za ukumbi nazo zina lake. Hedifoni nyingi za daraja hili zina mgongo wazi; mazungumzo ya watu huingia moja kwa moja na kufunika vile vitu vidogo vinavyodaiwa kuhalalisha bei.

Halafu kuna macho: ukiona chapa na bei, unatarajia sauti bora. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa hedifoni 283, na hakuona uhusiano kati ya bei na mwitiko wa masafa, yaani mstari wa grafu unaoonyesha jinsi hedifoni inavyotoa sauti za chini, za kati na za juu. Watetezi wa vifaa ghali hujibu kwamba mwitiko wa masafa si kila kitu, na hapo wana hoja: starehe na uimara havimo kwenye mstari ule. Lakini kusikiliza bila kujua umevaa nini ni kugumu, kwa kuwa mto na uzito hutoboa siri. Sean Olive na Todd Welti, wakiwa watafiti wa kampuni ya sauti ya Harman, walilikwepa hilo kwa kutumia hedifoni moja kuigiza mwitiko wa nyingine. Njia hiyo huondoa upendeleo, ila huondoa pia mkao wa kichwani, ambao ndio mkusanyiko unaoupima vizuri kuliko maabara.

Kuhusu muda, kila upande una haki yake. Kumbukumbu ya sauti hufifia upesi, hivyo kubadilisha haraka mezani kunafichua tofauti kuliko kungoja hadi kesho. Hata hivyo, uchovu wa masikio hauji kwa dakika tano. HD 800 ya 2009, iliyotangulia HD 800 S, ilikuwa na kilele, yaani sauti iliyopanda kupita kiasi, karibu na kilohezi 6, ambacho kwa haraka husikika kama uwazi wa ziada na baadaye huchosha. Toleo la S, la 2016, likaongezewa kifyonzaji cha kukituliza.

Ningepewa nafasi ya ombi moja kwa waandaaji, ningeomba sikio bandia lenye kipimo kwenye kila meza, na sauti zisawazishwe kabla mgeni hajaketi. Hapo Susvara na Utopia zingeshindana kwa sauti zao, na aliyevutiwa na mojawapo angekuwa na sababu ya kuiazima na kuisikiliza jioni nzima mahali palipotulia.