Bajia za Kijerumani

Mnisikilize mimi kwanza, kabla hamjamsikiliza mama wa bajia. Kisa hiki yeye amekisimulia Langoni, amekisimulia Mkomani, mitaa yetu ya hapa Lamu, amekisimulia hadi kwenye harusi za watu, na kila akikisimulia mimi nazidi kuwa mjinga.

Ulikuwa msimu wa kusi. Wageni wameondoka, bahari imechafuka, mashua yetu imevutwa pwani inangoja kalafati, na mimi sina hata hela ya kikombe cha kahawa chungu. Ndipo bwana mmoja Mjerumani, aliyepanga nyumba Mkomani na mkewe na mtoto wao wa miaka saba, akaniuliza kama ningeweza kuwasaidia kumsomesha kijana. Asubuhi mama mtu anafundisha mwenyewe, Kijerumani na hesabu. Baba mtu anafanya kazi za kompyuta usiku kucha, mchana analala kama popo. Walitaka mtu wa kukaa na mtoto mchana, amzungumzishe Kiswahili na kumtembeza mjini. Wakaniuliza nimesoma wapi nimefika wapi. Nikasema kweli tupu: Kidato cha Nne, Hisabati D. Kwao alama za shule ni namba, mambo ya herufi hawayajui. Bwana akatikisa kichwa kwa adabu, akaiandika ile D kwenye daftari lake, nikaajiriwa.

Watu wa mtaa walitaka kujua jambo moja tu: mbona mtoto haendi shule? Nikamuuliza bwana, naye akanieleza. Kwao Ujerumani mtoto lazima aende shule, akakae darasani na wenzake. Kumsomesha nyumbani ni marufuku, labda awe mgonjwa au apate udhuru mwingine mzito. Kuna familia iliyoishtaki serikali hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2019 ikashindwa. Ila ukishahama nchi, sheria hiyo unaiacha huko huko, na ziko shule za masafa zinazokutumia vitabu na mitihani popote ulipo. Mzazi ndiye anayeshika chaki. Maneno hayo niliyafikisha barazani sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza. Kufikia Alasiri yalikuwa yameshapikwa upya: wale Wajerumani ni wakimbizi, wamekimbia shule.

Tangu hapo watoto wa mtaa walimheshimu sana yule kijana. Wao wakitoroka chuo cha Kurani mwisho wao ni gatini. Huyu ametoroka hadi bara jingine! "Na shule imemfuata kwa ndege," akasema mmoja wao, kwa huruma kabisa.

Ni kweli ilimfuata kwa ndege. Vitabu vilishukia uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha jirani, vikavuka kwa boti, vikaletwa nyumbani juu ya kichwa changu. Nikavifungua mwenyewe. Jamani, karatasi! Nyeupe, nzito, laini, ukiipindua inalia kwa heshima. Mimi nimesomea madaftari ambayo ukifuta kwa nguvu unatokea ukurasa wa pili. Kitabu cha Kijerumani kilikuwa na picha ya kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, karibu kila ukurasa, kalunguyeye anasoma, kalunguyeye anapika, na cha hesabu kilijaa picha za sarafu za euro na watoto wananunua matufaha.

Kijana mwenyewe mtaani walimbatiza Bwana Mdogo, na alikuwa mwepesi ajabu. Haukupita muda akawa anaita wenzake "Ndoo!", yaani "Njoo!", kwa sauti ya Kiamu hasa, lahaja yetu ya Lamu, na akiambiwa bei ya kitu anaguna kwanza. Mimi ananiita Ami.

Jioni moja tunapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tukamkuta mama wa bajia amekaa kwenye kibao chake, karai linachemka. Mama huyu ana mkono mmoja wa kukaanga na mmoja wa kukunja. Anachukua karatasi, anaizungusha kwenye vidole mara moja, inakuwa koni, bajia zinadondokea ndani. Bwana Mdogo akasimama kama aliyeona jini.

"Ami, leo nani anaanza shule?"

Sikumwelewa hadi mama yake aliponieleza. Kwao mtoto akianza darasa la kwanza hupewa koni kubwa ya karatasi, nyingine karibu ndefu kama yeye, imejazwa peremende, penseli na vijizawadi. Ni desturi ya tangu karne ya 19. Sasa kijana anaona wazee, mafundi, wabeba mizigo, wote wanatembea na koni mkononi, na anajua anachokijua: watu wote hawa wanaanza shule, tena kila jioni. Nadhani ndipo alipoanza kuupenda mji huu.

Basi mama yake akashikwa na jino. Akavuka hadi Mokowe, upande wa bara, akapanda basi kwenda Malindi kwa daktari, arudi kesho yake. Aliniachia bahasha. "Mwalimu," akasema, shavu limevimba, "huu mtihani. Afanye asubuhi. Karatasi zote uweke. Nikirudi napiga picha, natuma."

Asubuhi kijana akafanya mtihani wake kimya, karatasi nane, upande mmoja umeandikwa na wa pili mweupe. Alipomaliza nikaupitia. Kila swali ni euro. Nikajiuliza, euro ya nini hapa kwetu? Mtoto anaishi Lamu hajui chenji ya mia. Nikamwambia, sasa njoo nikufundishe hesabu ya kweli, nikampeleka sokoni kwenye kivuli cha Ngome.

Na nilifundisha, wallahi. Nilimwonyesha mizani, nikamwonyesha jumla na rejareja, nikamwonyesha mwenye ndizi anavyoshusha bei jua likishuka. Mwisho nikampa msingi wa biashara yote duniani kama nilivyopewa na marehemu babu yangu: tafuta kitu ambacho wewe huna haja nacho tena, mpelekee mwenye haja nacho. "Umeelewa?" Ameelewa. "Basi hiyo ndiyo kazi ya ziada." Kwetu mtoto wa gredi ya pili akitumwa kazi ya nyumbani, anayehangaika na gundi na maboksi usiku ni mzazi. Huyu niliona aifanye mwenyewe. Nikamrudisha nyumbani, baba yake yumo ndani anakoroma, mimi nikaketi daka la mlangoni na wenzangu kucheza dhumna.

Bwana Mdogo alinipita akitoka na mkoba wa shule mgongoni. Nikafurahi. Nikasema, mtoto gani huyu, hadi matembezini anachukua vitabu.

Alirudi baada ya Alasiri na koni ya bajia. Mkoba umelala bapa. Akanikaribisha bajia, nikala. Akanitolea hesabu, na hesabu yenyewe, nawaapia, haikuwa na kosa hata moja. Vitabu viwili, kila kimoja karatasi 32, shilingi mbili kwa karatasi: 128. Karatasi nane nyingine alizipandisha hadi shilingi tatu kwa sababu upande wa pili ni safi: 24. Jumla 152. Shilingi mbili alimwachia mnunuzi kwa kuwa ni mteja mzuri. Katika zile 150 akanunua bajia nne za shilingi tano tano. "Zimebaki 130, Ami. Vitabu nimevimaliza vyote, sina haja navyo tena."

Nikaikunjua ile koni. Kalunguyeye alikuwa ananitazama. Mafuta yalikuwa yameshamwingia, na karatasi ikiingiwa na mafuta hugeuka kioo: nilimwona kalunguyeye anapika, na tumboni mwake nikaona maneno ya ukurasa wa nyuma yamesimama kinyume.

Mama wa bajia simlaumu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi Agosti 2017 karatasi imekuwa mali, na karatasi ile alikuwa hajawahi kuiona mfano wake. Nilimkuta anaipapasa.

"Shangazi, shikamoo. Nimefuata zile karatasi."

"Marahaba mwanangu. Karatasi zipi? Zangu?"

"Za mtoto."

"Za mtoto zilikuwa jana. Leo nimezinunua, na pesa amehesabu mwenyewe mara mbili." Akakunja koni nyingine mbele ya macho yangu, taratibu, makusudi. "Hizi zashika mafuta vizuri. Haivuji hata tone."

Nikambembeleza. Nikamweleza habari za mtihani, shule ya Ulaya, jino la mama wa watu. Akalegea kidogo. Zilizobaki angeniuzia, karatasi moja shilingi tano.

"Lakini wewe umenunua kwa mbili!"

"Nimenunua jumla, nauza rejareja. Si ndivyo ulivyomfundisha mwanafunzi wako? Amenieleza vizuri sana."

Mfukoni nilikuwa na ufunguo na tasbihi. Ikabidi nimgeukie mwanafunzi. Alifikiri kidogo, akanikopesha zile 130 kwa sharti nirudishe 140. Sikumfundisha riba mimi, riba ni haramu. Hilo sijui alilitoa wapi. Pesa zikatutoshea karatasi 26, na humo za mtihani zilikuwa tatu.

Zile tano tukaanza kuzifuata mjini. Ingekuwa mnaijua Lamu, mngejua maana ya kumtafuta mtu aliyenunua bajia dakika kumi zilizopita: kila baada ya hatua tatu kuna kichochoro, na kila kichochoro kina mtu anatafuna. Fundi viatu alitoa yake bila maneno, ila alishapangusia gundi. Wasichana wawili waliokuwa wakitoka chuoni walitaka tuwanunulie bajia nyingine kwanza. Mimi sina pesa, mdhamini wangu ana miaka saba na amenuna. Tukafungua deni la pili.

Punda nilitaka kumwacha nje kabisa, maana hakuna anayesimulia Lamu asimtie punda ndani. Lakini karatasi yenye swali la tisa hadi la kumi na mbili tuliikuta karibu na gati, nusu nje, nusu mdomoni, na mwenye mdomo hakuwa tayari kujadiliana.

Iliyotutoa jasho kweli ilikuwa ya mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za meli ujanani. Anasema alifika Hamburg, huko huko Ujerumani. Tulimkuta barazani amezungukwa na wazee wenzake, bajia keshazila, miwani puani, anawasomea karatasi kwa sauti.

"Babu, shikamoo. Naomba hiyo karatasi."

"Marahaba. Subiri, nakaribia mwisho." Akaendelea: "...basi huyu kalunguyeye alikuwa na wake wawili, mmoja yuko mjini, mmoja shamba..." Wazee wanaitika, mmoja anapangusa machozi. Bwana Mdogo akachungulia chini ya kiwiko cha mzee, akaninong'oneza: "Ami, hapo ni hesabu ya kutoa. Hamna kalunguyeye."

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Tulisimama pale hadi mke wa shamba akapata haki yake ndipo tukakabidhiwa karatasi, pamoja na dua.

Usiku ule nilizitandika karatasi kwenye sakafu, nikazimwagia poda ya mtoto ili inyonye mafuta, nikaweka vitabu vizito juu yake. Baba mtu aliamka kwenda kazini kwake mezani, akapita, akanusa, akauliza kama kuna bajia. Nikamwambia hakuna. Akasikitika.

Mama alirudi kesho yake jioni, jino limeng'olewa, nusu ya uso haijaamka. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri. Bwana Mdogo hakunipa nafasi: alimkimbilia mlangoni akamwaga kopo la sarafu miguuni pake na kumweleza kila kitu kwa Kijerumani, kwa vidole, na mimi nikasikia tu "Ami", "Ami", "Ami". Mama akanitazama. Akataka kusema jambo, ganzi ikamzuia, nikaipenda sana ganzi ile.

Akazipiga picha karatasi saba kama zilivyo, na mahali pa ile iliyoliwa akaweka ukurasa wa daftari ambao mtoto ameandika biashara yake yote, pamoja na deni langu, lililokuwa limefika shilingi 175. Mwalimu wa kule aliandika kuuliza kama nyumba yao inavuja, kwa kuwa karatasi zote zina madoa. Mama akajibu kwamba Lamu kuna unyevu mwingi, na kweli upo.

Majibu yalipokuja, mama alitoka mbio hadi Usita wa Mui, kidole kimoja juu, anapiga kelele: "Moja! Hesabu amepata moja!"

Mtaa ukanyamaza. Moja! Mama wa bajia akaacha karai, akaja kumshika bega. "Pole mama. Mtoto bado mdogo." Fundi viatu naye akatoa pole. Mimi nilijitolea zaidi, nikamchukua kijana kando nikamwambia asilie, hata mimi nilikuwa nikipata moja, moja na nusu, na leo si mtu mzima? Ilibidi bwana aamshwe, ateremke na kikoi chake, awaeleze watu kwamba kwao moja ndiyo ya juu kabisa, sita ndiyo ya kuanguka. Sina hakika kama walimwamini. Mama wa bajia alikwisha kufunga koni ya pole, bajia kumi, bure.

Bwana Mdogo akaipokea, akaikagua karatasi yake mbele na nyuma. Ya daftari la kawaida, imeshaanza kuvuja.

"Shangazi," akamwambia, "vitabu vya muhula ujao vinakuja na ndege. Nikuwekee?"

"Niwekee, mwanangu. Lakini safari hii lete vyenye picha chache, zile rangi zimenichafulia bajia."